Sikio la Kushoto

Baba anaingia dukani kwa Raili
akitanguliza bega la kulia. Si maringo.
Sikio la kulia ndilo lililobaki na kazi;
la kushoto, lililoelekea mtutu miaka arobaini,
lilistaafu bila sherehe.

Nurmes, mwezi Agosti. Mvua nyembamba, haina haraka.
Jumamosi nitapimwa uwanja wa shabaha:
risasi nne, mita sabini na tano,
picha ya kulungu mkubwa aliyesimama ubavu.
Nina bunduki ya marehemu shangazi Aune,
nina miaka hamsini na miwili na woga wa mwanafunzi.
Cha masikioni sina.

"Kinapunguza desibeli ngapi?" nauliza,
kama anayeuliza bei ya samaki.

Raili anamwaga mezani vizibo vya povu, rangi ya chungwa.
"Kisokote kiwe chembamba kama njiti.
Vuta sikio juu kwa mkono wa pili, chomeka,
kisha subiri kivimbe. Watu hawasubiri.
Wanaingiza nusu, wanadhani wamejikinga."
Najaribu. Povu linafura,
na duka linanitoka polepole
kama mtu anayerudisha mlango mtoto asiamke.

Vile vifuniko vikubwa vinabana taya vizuri,
ila mimi ni mtu wa miwani,
na mkono wa miwani huacha ufa.
Mshindo hauombi mlango. Ufa unautosha.

"Basi hivi vya betri," anasema. "Mnong'ono vinaukuza,
mlio mkubwa vinaufungia nje."
Bei yake inanikohoza.
Baba, ambaye hakuna aliyemuuliza,
anavichukua, anavivaa, anazungusha kitufe mpaka mwisho.

"Friji," anasema. "Kuna friji inanguruma."
Halafu: "Koti langu lina kelele kumbe."
Halafu anakwenda mlangoni, anainua uso
kwenye msonobari ulio nyuma ya kituo cha mafuta,
anakokaa yule kindege wa utosi wa manjano,
mwepesi kama barua,
sauti yake sindano tupu.

Raili anamsikia. Mimi namsikia.
"Analia?" Baba ananiuliza.

Ningeweza kudanganya.
"Analia."

Anavua, anavirudisha kwenye sanduku lake,
anaikunja hata ile karatasi ya maelezo ilivyokuwa.
Sikio la kufa halisikii dawa, tunajua.
Hatukuwahi kuambiwa kuhusu ndege.

Kisha anatoa mfukoni maganda mawili ya risasi,
shaba iliyopauka. "Sisi tulitia haya."
Maganda! Katika matundu ya masikio!
Fisi amekabidhiwa bucha,
na bado anayabeba, sijui kwa nini,
labda kama wengine wanavyobeba meno ya maziwa ya watoto wao.

Nanunua vizibo, nanunua na vifuniko visivyo na betri:
povu ndani, kifuniko juu,
kama tunavyovaa soksi mbili Januari.
"Usijumlishe," Raili anaonya.
"Thelathini na thelathini hapa si sitini.
Unaongeza tano hivi."
"Tano tu?"
"Tano ni tano," anasema, anakata risiti.

Jumamosi. Risasi ya kwanza
inapita mfupani; bega linaisikia kuliko sikio.
Ya pili. Ya tatu naifyatua vibaya, najua kabla ya karatasi kujua.
Ya nne.

Naweka bunduki chini, bolti wazi, nageuka.
Baba amekaa benchini nyuma ya mstari,
vizibo vyangu vya akiba vimening'inia masikioni mwake
nusu ndani, nusu nje, kama vitako vya sigara.
Msimamizi amekwishamwita anayefuata.

Nakwenda. Nakisokota cha kulia,
navuta sikio lake juu, lina baridi, lina nywele,
nachomeka.
Nashika la kushoto.

"Hilo limekufa," ananiambia, kwa sauti kubwa ya viziwi.

Najua, Baba. Geuka.

Nakishikilia kwa kidole.
Povu linavimba taratibu chini ya ncha yangu.
Anayefuata anajaza risasi.
Nanyoosha mkono wa pili kumwonyesha:
subiri.